Rudini makumbusho, lakini msiende kuhesabu vinyago

Mama mmoja wa Likasi, huku Katanga nchini Kongo, ameniandikia hivi: "Shemeji yangu anakuja kutoka Tabora, Tanzania, naye anataka kuona Lubumbashi. Mwaka juzi nilipeleka watoto wangu wawili mize (makumbusho), wa miaka 13 na wa miaka 9. Robo saa tu wakasema, mama twende, ni vinyago tu. Niliona nimetupa pesa. Tena mchungaji wetu anasema zile sanamu zina pepo. Nirudi nao, au ningoje ile biennale ya picha? Tuna siku mbili tu."

Mama, jambo sana. Rudi nao, na usingoje kitu. Biennale, yale maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, nitaifikia huko chini, lakini siku mbili ulizo nazo zinatosha kuifuta ile robo saa.

Kwa miaka mingi nimepitisha madarasa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi: watoto wa Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), wa Katuba, wa Ruashi, na hata wale wa shule za mjini wanaoshushwa na gari mlangoni. Karibu wote husema maneno ya wanao. Kosa si lao. Mtu mzima amewaambia "angalieni", kisha akaanza kutembea. Waangalie nini? Chumba kina vitu chungu nzima, kila kimoja kina karatasi ndogo ya Kifaransa, na hakuna hata kimoja kinachosogea. Mimi ukiniingiza kwenye duka la vipuri vya magari nitachoka kwa dakika kumi, wakati mwanangu ambaye ni mekaniki anakaa humo mpaka wanafunga. Yeye anajua kila kipande kinaingia wapi.

Kwa hiyo mimi hushika vitu vitatu tu. Vingine vyote tunavipita kama tunavyopita watu barabarani, kwa salamu. Na kwa kila kimoja nawauliza watoto habari za mkono. Nani alikishika? Kwa mkono gani? Alikuwa akifanya kazi gani? Ukimwuliza mtoto "hiki maana yake nini", anakutazama mdomoni akingoja jibu la mwalimu. Ukimwuliza kilishikwaje, mikono yake inaanza kuigiza kabla hajasema neno.

Ila msianzie ndani. Mkitoka Likasi mapema, ni kama kilomita 120, mtafika jua bado halijawa kali. Kabla ya kwenda makumbusho, tafuteni mahali ambapo mnaliona vizuri lile bomba refu la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines na mlima mweusi ulio kando yake. Hakuna haja ya kukaribia, linaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na msielekeze simu huko, sababu nitaisema. Waambie watoto kwamba mlima ule si mlima. Ni masalia ya kuyeyusha mukuba, yaani shaba, yaliyomwagwa yakiwa moto mwaka baada ya mwaka tangu tanuru la Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, lilipoanza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Baadaye ilionekana kwamba ndani ya uchafu ule mmebaki kobalti, wakaanza kuuchota na kuupika upya. Ndiyo maana wazee wa hapa wakiutazama husema umepungua. Shemeji wako atafurahi kusikia kwamba hata jimbo zima liliwahi kuitwa Shaba, neno la Kiswahili kabisa, kuanzia 1971 hadi 1997. Sisi mitaani tunasema mukuba.

Sasa ingieni, na macho bado yana ule mlima. Kitu cha kwanza ni msalaba wa mukuba, ule ambao kwa Kifaransa huitwa croisette. Ni kipande cha mukuba chenye mikono minne, vingine vimekaa kama herufi X, vingine vinakaribia H. Mtoto yeyote aliyesoma kwa masista atakuambia ni msalaba wa Yesu. Mwache aseme, halafu mwambie kwamba waliouyeyusha walikuwa hawajamwona padri hata mmoja.

Mwambie na jinsi ulivyotengenezwa, maana hapo ndipo watoto huamka. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Watu walichimba lile jiwe la kijani, malakite, lile lile ambalo leo linachongwa tembo na pete za kuuzia wageni. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa unashika na unavumilia moto. Wakajaza makaa na jiwe, wakavuta mivuo ya ngozi, na mukuba ukishuka wakaumimina kwenye kalibu. Wanao wameviona vichuguu vya Katanga tangu kuzaliwa, vile vikubwa kuliko nyumba. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuwaambia kwamba kichuguu ni kiwanda.

Mimi nina nakala moja ya msalaba huo, niliyeyushiwa na fundi mmoja wa hapa, na huibeba kwenye mfuko kila ninapoongoza darasa, kwa kuwa vile vya makumbusho havishikwi. Siku moja msichana wa darasa la nne alinyoosha mkono mmoja kwa maringo, nikamwekea. Mkono ukashuka mpaka gotini. Akacheka, akaongeza wa pili, akaugeuzageuza, kisha akaniuliza: "Sasa tata, na kama nataka chumvi kidogo tu, ananirudishia nini?"

Hilo swali, mama, wataalamu walilijibu kwa kuchimba makaburi. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1957 na 1958, wengine wakaendelea miaka ya sabini. Katika makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba, mara nyingi unakuta msalaba mmoja mkubwa juu ya kifua cha marehemu, kitu cha heshima. Karne zikapita, na misalaba ikaanza kuwa midogo, inayofanana kwa ukubwa, mingi kwa pamoja, imewekwa karibu na mikono au kiunoni, pale ambapo mtu hutunza fedha zake. Yaani watu walihitaji chenji. Kitu cha heshima kiligeuka kuwa fedha kwa kupunguzwa, na mtoto wa Lubumbashi aliligundua hilo kwa uzito wa mkono wake kabla sijafungua mdomo.

Kiongozi wa makumbusho akiwaeleza atasema kwa Kiswahili chetu, "hii njo ilikuwa franka ya bankambo," yaani hii ndiyo ilikuwa fedha ya mababu. Shemeji atashtuka kidogo na hizo "njo" na "iko" zetu, lakini baada ya dakika tano atakuwa anacheka pamoja nanyi. Kama bado ana hamu, mwambie kwamba Katanga ilipojitangazia uhuru wake tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu hiyo hiyo, na sarafu zake za mwaka 1961, za franka 1 na franka 5, zilikuwa na msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Ndizi wanao wataikumbuka kuliko kila kitu nilichosema.

Kitu cha pili ni vyungu vya Sanga, navyo vinahitaji sauti ya chini. Makaburi ya kale ya huko, yale ya karne ya 8 hadi ya 13, yalijaa vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Kuna majiko madogo ya kubebeka, yenye vipembe vya kutegea chungu, ya watu wanaoishi majini na wanaopikia hata mtumbwini. Lakini mwonyeshe wa miaka tisa jambo moja tu: ukubwa. Waliochimba waliona kwamba vyombo vilifuatana na umri wa aliyezikwa. Mtu mzima alizikwa na vyungu vikubwa, mtoto alizikwa na vyungu vidogo, vya kumtosha yeye. Kuna mtu aliketi akafinyanga chungu kinachoenea kiganjani kwa sababu mtoto alikuwa amekufa. Mimi hapo husimama na kunyamaza, na sijawahi kuona darasa lililopiga kelele mahali hapo.

Cha tatu ni sanamu, na hapa nafika kwa mchungaji wako.

Sitabishana naye, hilo ni lenu. Ninachoweza ni kukueleza wenyewe walivyoliona. Kwa Wasongye na Waluba, makabila mawili ya nchi yetu, mti uliochongwa ulikuwa bado mti. Mchongaji na nganga walikuwa watu wawili tofauti. Nganga ndiye aliyetia bishimba, vitu vya kuipa nguvu, ama tumboni ama kwenye pembe iliyosimikwa utosini. Bila bishimba hakuna aliyeiogopa. Sasa mkisimama mbele ya sanamu ya namna hiyo, waambie watoto watazame kitovu na utosi. Mara nyingi wataona tundu. Tundu tupu ni kama bunduki isiyo na risasi, na hayo si maneno yangu ya kizungu, ni fikra za wale wale walioichonga. Nimeona mabibi waliokuja na rozari mkononi wakipumua baada ya kuelezwa hivyo, na nimeona wengine ambao hawakuridhika, wakangojea wenzao nje kwenye kivuli. Wote sawa. Usimlazimishe mtoto.

Lakini ujue pia kwamba sehemu kubwa ya kazi za mbao za Waluba hazihusiani na uganga. Ni vigoda, fimbo za enzi, mashoka ya heshima, vitundikio vya pinde na mishale. Tafuta kigoda kilichobebwa kichwani na mwanamke. Msichana wako atauliza kwa nini mwanamke ndiye abebe mzigo wa mfalme hata kwenye mti. Mjibu kama Waluba walivyojibu: ni kwa sababu mwili wa mwanamke ndio pekee wenye nguvu ya kutunza roho ya mfalme. Atazame na tumbo na mgongo, zile chale. Zilikuwa ni maandishi.

Na kama kiongozi atawaonyesha lukasa, hapo vuteni pumzi mkae. Lukasa ni ubao unaoenea mkononi, umebanwa katikati, umepachikwa shanga na simbi. Uliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita shanga moja baada ya nyingine huku mdomo ukisimulia: mfalme huyu alitoka huku, akavuka mto ule, akaoa kule. Waliojua kuusoma walikuwa watu wa chama cha mbudye, na mtu hakuingia humo kwa siku moja. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Shanga zilizopangwa mstari zinaweza kuwa njia. Wasimuliaji wawili wangeweza kuutumia ubao mmoja kwa namna mbili kulingana na waliokaa mbele yao. Mvulana wako wa miaka 13, kama ni kama wengine, atasema ni simu. Mimi sibishi, ila namwuliza: simu yako ikizimika, wewe unakumbuka nini?

Huyo wa 13 ana umri wa kuelewa na jambo jingine, la vitu visivyokuwepo. Mwishoni mwa mwaka 1884, watu waliotumwa na mwanajeshi wa Kibelgiji Émile Storms walikishambulia kijiji cha Lusinga, chifu wa Watabwa, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Lusinga akauawa. Kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji, na sanamu ya ukoo wake pia. Sanamu iko katika makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, na fuvu limehifadhiwa Brussels. Kisha mwambie ya juzi: Juni 2022 mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, akakikabidhi kwa mkopo usio na mwisho. Kwa mkopo! Mwanafunzi mmoja wa hapa aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mtu anayeweza kukukopesha shati lako mwenyewe. Nilimwambia swali hilo aliandike, siku moja atakuwa na mtu wa kumpelekea.

Nimesema vitu vitatu, najua. Cha nne mtakiona kwa njia ya kutokea, nacho ni cha kubeba kwenda nacho nyumbani: michoro. Mwaka 1946 alifika hapa, wakati ule Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, akafungua karakana iliyoitwa Hangar. Aliwapa watu rangi na hakutaka wanakili wazungu. Humo ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga na ile mistari mifupi mifupi iliyojaza kila kona, na Bela, aliyechora kwa ncha za vidole badala ya brashi. Wakipata mchoro wa Bela, wasogee mpaka waone alama za vidole. Ni mkono tena, unaona.

Halafu kuna michoro ambayo haikuwekwa makumbusho kwa miaka mingi kwa kuwa ilikuwa sebuleni kwa watu. Wewe mwenyewe lazima uliiona kwa wazee: mambamuntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu na nyoka, chifu wa zamani, mfungwa akichapwa viboko mbele ya bendera ya koloni. Walioinunua walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu. Neno walilolitumia kwa mchoro mzuri halikuwa "sanaa". Walisema ni ukumbusho. Mchoro unaokufanya uanze kusimulia ulikuwa umefanya kazi yake. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi namna hiyo miaka ya 1973 na 1974, zaidi ya michoro mia moja, tangu wakati wa wakubwa wa kale hadi siku zake. Sasa fikiria: jengo linaitwa makumbusho, na mchoro wa sebuleni unaitwa ukumbusho. Mkirudi Likasi, watume watoto kwa nkambo wao wakaulize kilichotundikwa ukutani mwaka 1970. Hayo ndiyo makumbusho yenu ya bure.

Kwa shemeji wa Tabora nina zawadi ya pekee. Mwambie amekuja kuona mji, lakini huenda amekuja kwa ndugu. Msiri, mfalme aliyetawala nchi ya Garenganze huku Katanga kutoka mji wake wa Bunkeya, asili yake ni huko huko, Usumbwa katika nchi za Unyamwezi. Watu wake walikuja magharibi wakifuata mukuba na pembe za ndovu, wakabaki, wakaitwa Wayeke. Walileta na ufundi wa kuvuta mukuba kuwa waya mwembamba wa bangili. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Bodson naye akafa kwa risasi siku hiyo. Msiri alikatwa kichwa. Kichwa hicho kilikwenda wapi? Bunkeya wanalo jibu lao, na shemeji akifika huko ataambiwa bila kuuliza.

Wayeke hukumbuka siku hiyo Bunkeya kila tarehe 20 Desemba, kwa ngoma, na Mwami, mfalme wao, akiwa mbele ya watu wake. Kama ziara yenu itaangukia Desemba, mimi ningekata siku ya pili ya Lubumbashi bila kufikiri mara mbili. Ila ni mvua. Udongo mwekundu ukilowa, gari dogo linageuka kiti tu. Tafuteni gari refu, dereva wa njia hiyo, na mabuti ya watoto. Na mkifika mjitambulishe kwanza kwa wenyeji, msianze na kamera. Sherehe ya namna hii ni kilio kabla ya kuwa sherehe, na mgeni anayejua hilo hupewa kiti.

Sasa biennale. Ilianza mwaka 2008, ikaanzishwa na vijana wa hapa hapa, mmoja wao Sammy Baloji, mpiga picha anayejulikana leo dunia nzima. Shirika lao waliliita Picha, na jina hilo unalielewa bila kamusi. Inakusudiwa kuwa kila baada ya miaka miwili, lakini imewahi kuruka: baada ya 2010 ikaja 2013, na baada ya 2019 ikaja 2022. Ndiyo maana nakuambia usipange likizo ya watoto kwa kuitegemea. Ikiwa imeangukia siku zenu, ni bahati, tena kubwa, kwa sababu kazi hazikai mahali pamoja. Zinasambazwa mjini, makumbusho yakiwemo, na mara nyingi aliyezitengeneza yupo hapo amesimama. Usimwulize "hii maana yake nini", atakupa maneno ya katalogi. Mwulize alikuwa wapi alipoipiga. Nje ya biennale, piteni kituo cha sanaa cha Waza, au Halle de l'Étoile, mwone kama kuna kitu jioni hiyo. Saa nyingine kuna maonyesho mazuri, saa nyingine mlango tu.

Na kama hayo yote yamewapita, kuna Umutomboko, sherehe ya mfalme Mwata Kazembe, ng'ambo ya Luapula, huko Mwansabombwe, Zambia, mwishoni mwa Julai. Ni Walunda waliotoka huku kwa Mwant Yav, mfalme mkuu wa Walunda. Mwata mwenyewe hucheza, na upanga na shoka mkononi. Julai ni kiangazi, barabara ni vumbi tu. Lakini hapo unahitaji hati za mpakani kwa watoto, kwa hiyo hiyo ni safari nyingine.

Mambo ya mfukoni. Kiingilio ulizeni mlangoni kabla ya kutoa noti, na mwulize papo hapo kama kiongozi yumo ndani ya bei au analipwa pembeni, na kama picha zina bei yake. Mgeni wa nje kwa kawaida hutozwa tofauti na mwenyeji. Shemeji asione ni wizi. Bebeni noti ndogo ndogo, safi. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeigusa. Kiongozi mchukueni, hata kama unajua kusoma karatasi zote, na mwambie mapema: tunataka vitu vitatu, saa moja, watoto waulize kwanza. Wengi hufurahi, wamechoka kukariri. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Mkitoka, kaleni bukari (ugali) na tomsoni (samaki) kwa mama yeyote mwenye sufuria safi, na watoto wapewe munkoyo baridi, kile kinywaji cha mahindi.

Kuhusu simu. Mimi mtu wa hapa nilipoteza nusu siku kwa sababu ya picha moja. Nilikuwa napiga picha ya jacaranda iliyochanua, zambarau tupu, kumbe nyuma yake kulikuwa na ukuta wa ofisi fulani yenye mlinzi. Simu ikachukuliwa, nikaketishwa kwenye benchi, nikaulizwa natumwa na nani. Ilirudi jioni, ikiwa imefutwa hata picha za arusi ya binti yangu. Kwa hiyo: viwanda, madaraja, majengo ya serikali, mpaka, watu wenye sare, hapana. Hata lile jengo la 30 Juin karibu na makumbusho, lililokuwa teatro na baadaye likawa bunge la jimbo, ulizeni kwanza, ingawa ni zuri. Alilichora Claude Strebelle, huyo huyo aliyechora na jengo la makumbusho, katika miaka ya hamsini, na ukisimama mahali pazuri unaona ni mkono mmoja.

Shemeji atataka kununua. Malakite na mukuba uliogongwa ni sawa, anunue kwa fundi mwenyewe akiwa anafanya kazi, abembeleze bei, na aombe karatasi ya kuonyesha mpakani. Malakite bandia ipo: jiwe la kweli ni zito, linakuwa baridi shavuni, na mistari yake haijirudii sawasawa. Lakini mtu akimfuata pembeni akamfungulia kitambaa na kumwambia hiki ni cha kaburi la Sanga, cha kweli, cha kale, aondoke. Kama ni uongo ametapeliwa. Kama ni kweli ni vibaya zaidi, kuna kaburi limefunguliwa, pengine lile la vyungu vidogo.

Na yule wa miaka tisa mpe daftari lisilo na mistari na kalamu ya risasi, si kalamu ya wino, maana mlangoni wengine hukataa wino karibu na vitu vya kale. Achore msalaba mmoja tu, kwa ukubwa wa mkono wake.